Sufuria ya stenlesi: nunua kitako, usinunue mng'aro

Kila baada ya kicheni pati simu yangu haikosi ujumbe. Bibi harusi karudi nyumbani na seti ya sufuria zinazong'aa kama kioo. Wiki ya kwanza kakaanga mayai, yameganda chini kama gundi. Wiki ya pili kachemsha maji, ndani kumetokea madoa meupe. Wiki ya tatu chini kumeingia rangi za upinde wa mvua, na mama mkwe kashauliza kama sufuria imekwisha. Maswali ni yaleyale, na nimechoka kuyajibu kwa sauti za WhatsApp huku napalia wali. Nimeyaandika hapa yote, nikiulizwa tena nitatuma huu.

Mimi si fundi wa vyuma. Napika chakula cha mchana cha maofisini, Tabata, Dar es Salaam, na sufuria zangu tano za stenlesi zinapanda jikoni kila siku isipokuwa Jumapili. Nilianza vibaya kama wengi. Nilinunua Kariakoo seti ya vipande 12, kijana akaniapia, "Orijino, mama, utawarithisha wajukuu." Wajukuu hawajazaliwa, na katika seti ile kimebaki mfuniko mmoja ninaofunikia mchele.

Kabla hatujaenda mbali, jambo moja tu la nadharia. Stenlesi haisambazi moto vizuri. Alumini inapitisha joto kama mara 15 zaidi yake. Ndiyo maana sufuria nyembamba ya stenlesi inaunguza pale tu moto unapogusa, na pembeni chakula kibichi. Sufuria nzuri inawekewa chini kipande kinene cha alumini, kikafunikwa na stenlesi nje na ndani kama nyama kwenye sambusa. Kinachokupikia ni hicho kitako, pamoja na mkono wako unaopunguza gesi. Mng'aro unapendeza kabatini.

Mbona basi tunahangaika nazo? Kwa sababu ndimu, ukwaju na nyanya hazizitoi weusi, hazibonyei kwa kugongwa na mwiko, na hazina rangi ya ndani ya kuchubuka kama zile frampeni nyeusi. Halafu, sufuria za kusubu kwa alumini chakavu zimewahi kupimwa katika nchi kadhaa zikakutwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Mimi hilo lilinitosha.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Sumaku ndogo. Ya kubandika kwenye friji inatosha, au ing'oe kwenye spika mbovu.
- Rula ya mtoto wa shule.
- Sabuni ya maji ya vyombo na sponji laini, au dodoki. Stili waya iache dukani.
- Siki nyeupe. Ukikosa, ndimu mbili tatu.
- Bekingi soda. Siyo bekingi pauda, soma kopo.
- Mwiko na upawa wa mti.
- Tishu, mafuta kidogo ya kupikia, na kitambaa kikavu kitakachokuwa cha sufuria tu.

Na ulijue jiko lako. Washa gesi uitazame: duara la moto lina upana gani? Kwenye mtungi wa kilo 6 wenye jiko la kuchomeka juu, duara ni dogo. Sufuria pana yenye kitako chembamba juu ya moto huo itaungua katikati kila siku, na utamlaumu muuzaji bure.

Kununua

1. Andika unachopika, kisha hesabu sufuria. Watu wanne au watano wanaopika wali, maharage na mchuzi wanahitaji sufuria moja ya lita 5 hivi, moja ya lita 2 au 3, na frampeni moja pana. Basi. Seti ya "vipande 12" mara nyingi ni sufuria sita na mifuniko sita, na kati ya hizo sita utatumia mbili. Fedha ya seti nyepesi mara nyingi inanunua sufuria moja nzito ya kukaa miaka. Najua sufuria moja haipendezi kwenye picha za kicheni pati. Wanakamati, mkinisikia, changeni mnunue mbili nzito, na kilichobaki mpeni mtungi wa gesi.

2. Igeuze, uangalie kitako. Hapa usione haya wala usiharakishwe. Itazame kwa ubavu: kitako chenye tabaka kinaonekana, kuna ukingo chini kama soli ya kiatu. Pima kwa rula; milimita 4 au 5 ni nzuri, 3 inavumilika. Kama ubavu unashuka moja kwa moja bila ukingo wowote, ama ni karatasi moja tu ya stenlesi, ama ni zile ambazo tabaka linapanda mpaka mdomoni. Hizo za pili ni bora kuliko zote, lakini ni nzito na bei yake utaijua kabla hujauliza. Kwa hiyo sufuria isiyo na ukingo, tena nyepesi, irudishe.

   Igonge chini kwa kifundo cha kidole. Kitako kinene kinatoa sauti nzito, *du*. Chembamba kinalia kama sahani. Nimeshamwona mama mmoja mtaa wa Kongo akigonga sufuria moja baada ya nyingine kama anachagua nazi, vijana wanacheka, na aliyoondoka nayo ndiyo ningechukua mimi.

   Halafu lalisha rula chini. Kuingia ndani kidogo sana si kosa, kitako kinajinyoosha kikipata moto. Kikitokeza nje, sufuria itayumba jikoni na mafuta yatakimbilia pembeni. Iache.

3. Weka sumaku. Hapa ndipo watu wanapodanganyana. Wapo wanaosema ikishika sumaku ni feki, wapo wanaosema isiposhika ni feki. Ukweli uko hivi. Ile namba 18/10 au 18/8 iliyogongwa chini inasema chuma kina kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 10 au 8. Kromiamu ndiyo inayozuia kutu, nikeli inaongeza uimara dhidi ya chumvi na asidi. Aina hii kwa kawaida haishiki sumaku, au inashika kwa uvivu. Ile ya 18/0 haina nikeli, inashika sumaku vizuri, ni ya bei nafuu, na siyo feki; ila inaota kutu upesi zaidi ukiizembea.

   Kuna ya tatu inayojaa sokoni, ambayo sehemu kubwa ya nikeli imebadilishwa na manganizi ili bei ishuke. Mara nyingine utaona chini imeandikwa 201 au 202. Nayo haishiki sumaku, kwa hiyo sumaku peke yake haitakuokoa. Inapikika, lakini haivumilii chumvi kama 18/8. Kwa frampeni ya kila siku sitainunua. Kwa mfuniko au bakuli, sina neno.

   Sumaku ina kazi moja isiyo na ubishi. Kama una jiko la umeme la induksheni, iweke sumaku *chini ya kitako*. Isiponasa, jiko hilo halitaiwasha sufuria hiyo hata uisomee dua.

4. Vuta mikono. Mikono ya ribiti (pini za chuma zilizogongwa kupita sufuria) au iliyochomewa kwa nguvu ndiyo inayodumu. Ya skrubu inalegea, lakini unaikaza mwenyewe kwa bisibisi, si balaa. Iliyoshikwa kwa vidoti viwili vya kuchomea, ukiivuta ikacheza, siku moja itakuachia na mchuzi. Kama sufuria ni ya kusongea ugali, mikono iwe miwili, mipana, ya chuma, ili mmoja uushike kwa kitambaa wakati mkono wako mwingine unapambana na mwiko.

   *Kosa la kawaida:* kununua yenye mikono ya plastiki wakati nyumbani unatumia mkaa. Plastiki itayeyuka wiki hiyohiyo, na harufu yake haitoki kwenye wali.

5. Mtumba usiudharau. Vyombo vya mtumba vya Ilala na Tandika vina sufuria nzito ambazo mpya usingeweza kuzinunua. Zikiwa nyeusi, zikiwa na madoa, zikiwa na mikwaruzo, chukua. Hayo yanatoka au hayana madhara. Usichukue yenye vidoti vilivyochimba ndani kama alama za sindano, wala yenye kitako kinachoachana pembeni, hata kama upenyo ni mdogo kiasi cha ukucha kuingia. Maji yakiingia humo, yakipata moto yanakuwa mvuke uliofungiwa, na mvuke haupendi kufungiwa.

Siku ya kwanza nyumbani

6. Ondoa dawa ya kung'arishia. Sufuria mpya imebaki na dawa ya kiwandani. Chukua tishu yenye mafuta ya kupikia, sugua ndani na nje, itatoka na weusi. Rudia mpaka itoke safi. Kisha osha kwa maji ya moto na sabuni. Mwisho chemsha maji yenye vijiko vitatu vinne vya siki kwa dakika 5 hivi, mwaga, suuza, kausha. Lebo ya gundi iliyogoma ipake mafuta uiache nusu saa, usiikwangue kwa kisu.

   Hatua hii wanairuka wengi, halafu chai ya kwanza ina ladha ya karakana.

Moto, yaani kila kitu

7. Pasha sufuria tupu kwanza, kwa moto wa wastani. Kwa anayetoka kwenye alumini hili ndilo gumu. Alumini unaweka, unamimina mafuta, unatupa kitunguu. Stenlesi inataka uisubiri. Washa gesi nusu, moto usipande ubavuni, ngoja dakika mbili au tatu.

8. Ipime kwa tone la maji. Chovya vidole, dondosha tone moja. Likitulia na kuchemka taratibu, bado. Likilia *tssss* likakauka palepale, bado, ila karibu. Likijikusanya kama ushanga wa zebaki na kukimbiakimbia bila kukauka, sufuria imeiva. Likipasuka vishanga vingi vidogo vinavyorukaruka kama wehu, umepitiliza; zima, ngoja dakika moja.

9. Sasa ndiyo mafuta. Futa maji yote kwanza, maana maji na mafuta ya moto wanagombana. Mimina mafuta, yatatandaa upesi na kumeremeta. Yakianza kutoa moshi punguza gesi. Yakimeremeta tu, weka chakula.

10. Weka chakula kikavu, kisha usikiguse. Samaki aliyetoka soko la Feri asubuhi, ukamwosha, ukamtia chumvi na ndimu, ana maji. Mfute kwa tishu mpaka mgongo uwe mkavu ndipo umlaze. Atashika. Usimvute! Kila anayenipigia kuwa "changu kabaki nusu kwenye frampeni" amemvuta dakika ya kwanza. Ngozi ikikauka na kupata rangi atajiachia mwenyewe, unampitishia mwiko anasogea kama hakuwahi kushika. Nyama ni vivyo hivyo, kuku pia.

    *Kosa la kawaida:* kujaza frampeni. Vipande nane vya kuku mahali pa vinne vinatoa maji, moto unashuka, na badala ya kukaanga unachemsha.

11. Baada ya hapo, punguza. Kitako kinene kikishika joto hakiachi upesi. Gesi uliyozoea kwa alumini ni nyingi mno hapa. Mimi baada ya kuunga mchuzi nashusha mpaka moto uwe kama maua madogo ya buluu. Mtungi nao unakaa.

Vyakula vyetu kimoja kimoja, maana mapishi ya stenlesi yanayozunguka mtandaoni hayaujui ugali.

*Wali.* Kwenye kitako kinene unaiva vizuri sana. Maji yakikaribia kukauka, funika, shusha gesi mpaka mwisho kabisa, dakika 15, zima, uache dakika 10 bila kufunua. Lakini ukitaka kupalia kwa makaa juu ya mfuniko, angalia mfuniko wako. Wa kioo utapasuka juu ya wali wako wa wageni, na kirungu cha plastiki kitayeyuka. Makaa yawekwe juu ya mfuniko mtupu wa chuma tu. Mimi nimeweka ule wa alumini wa zamani kwa kazi hiyo.

*Ugali.* Ukoko utashika, tena utashika kweli. Usipigane nao. Pakua ugali, mwaga maji ukoko uzame, funika, nenda kale. Ukirudi unabanduka mzima kama karatasi. Anayekwangua ukoko wa moto kwa kijiko cha chuma ndiye huyo anayeniuliza mikwaruzo inatokaje.

*Maharage.* Yanapendeza mno, joto linabaki hata ukizima. Chumvi iwe mwisho, sababu iko hatua ya 12.

*Mayai.* Yanawezekana, kwa mafuta ya kutosha na moto wa chini baada ya kupima kwa tone. Lakini tusidanganyane: mimi nina frampeni ndogo nyeusi ya mayai na sioni aibu.

*Chapati na vitumbua.* Hapana. Kikaango chako cha chuma cha chapati na kile cha vitumbua havina mpinzani, viache kazini.

12. Chumvi iingie maji yakishachemka. Usitie chumvi ya mawe kwenye maji baridi ukaenda kufua. Chembe zinalala chini, zinakula ile ngozi nyembamba inayozuia kutu, na vinabaki vishimo vidogo vya kudumu. Maji yakichemka chumvi inayeyuka mara moja, koroga, yamekwisha. Kwa sababu hiyohiyo usilaze mchuzi wa ukwaju, achari au samaki wa chumvi ndani ya sufuria usiku kucha. Hamishia kwenye bakuli la kioo au la plastiki.

Kwa wapikao kwa mkaa

Inawezekana, wengi wetu umeme na gesi vinakwisha siku moja. Paka sabuni ya kipande sehemu yote ya nje, tabaka jembamba, *nje tu*, kabla ya kuteleka. Masizi yatatoka kwa maji. Bibi zetu walipaka udongo au majivu, ni akili ileile. Usiteleke sufuria tupu juu ya makaa yaliyokolea "ipate moto kidogo". Alumini iliyo ndani ya kitako inayeyuka kwenye nyuzijoto 660, na makaa yaliyopepewa yanaweza kufika huko na kupita. Kwenye mkaa, tone la maji lisahau. Weka mafuta na kitunguu pamoja, na usogeze makaa pembeni.

Kuosha na kutunza

13. Iache ipoe. Sufuria ya moto ukiiweka chini ya bomba italia *chwaaa*, na kitako kinapinda. Kikishapinda hakinyooki. Ukitaka kuokoa ladha iliyoganda chini, mwaga maji kidogo ya moto ikiwa bado jikoni, kwangua kwa mwiko. Hayo ni maji ya kutengenezea rosti, usiyamwage.

14. Loweka, sugua kwa mstari. Maji ya uvuguvugu na sabuni, dakika 20. Kisha sponji. Kama nje ina mistari myembamba ya kiwandani, fuata mistari, usizungushe.

15. Kilichogoma, kichemshe. Maji ya kufunika sehemu iliyoungua, vijiko viwili vya chakula vya bekingi soda, chemsha dakika 10, zima, iache ipoe, bandua kwa mwiko. Imebaki? Tengeneza uji mzito wa bekingi soda na maji, paka, subiri, sugua. Rudia kesho kuliko kutafuta stili waya leo. Stili waya inaacha vipande vidogo vya chuma cha kawaida, vinaota kutu, na mtu anapiga kelele kuwa stenlesi yake ni feki. Mchanga usiuguse. Majivu, yakichungwa, kwa nje tu.

    *Makosa mawili zaidi.* La kwanza, kuchanganya siki na bekingi soda kwa pamoja kwa sababu inatoa povu la kupendeza: vinauana, unabaki na maji ya chumvichumvi. Tumia kimoja, suuza, kisha kingine. La pili ni la hatari: jiki. Jiki inachimba stenlesi, na ukiichanganya na siki au ndimu inatoa hewa ya sumu. Isiingie kwenye vyombo kabisa.

16. Kausha kwa kitambaa, siyo kwa upepo. Hasa wewe unayeoshea maji ya kisima. Visima vingi vya huku pwani vina chumvi, na matone yakikauka yenyewe yanaacha chokaa na chumvi juu ya chuma kila siku. Kama una maji ya bomba, suuzia hayo mwisho, hata kikombe kimoja. Ukipanga sufuria moja ndani ya nyingine, weka kitambaa katikati, na mfuniko uugeuze juu chini ili hewa ipite.

Ikikusumbua

*Rangi za upinde wa mvua ndani.* Moto ulizidi. Haina madhara yoyote. Futa kwa siki au ndimu iliyokatwa, suuza. Mama mkwe umwambie hivyo.

*Ukungu mweupe chini, haukwaruziki.* Ni chokaa ya maji. Chemsha maji na siki kidogo, acha ipoe, suuza.

*Vidoti vinavyohisiwa kwa ukucha.* Ni vishimo vya chumvi, havitoki. Sufuria inaendelea kupika, ila acha kulaza chakula humo.

*Alama za kahawia kama kutu.* Mara nyingi ni kutu ya kitu kingine: stili waya, kisu, bomba bovu. Uji wa bekingi soda unaiondoa. Ikirudi palepale kila wiki bila sababu, chuma chenyewe ni cha daraja la chini. Kifanye cha kuchemshia maji, ukikaushe kila siku.

*Kila kitu kinashika, hata ukipima kwa tone.* Gusa ndani ukiwa na mkono mkavu. Kama panateleza au pana unjano wa kunata, ni mafuta ya zamani yaliyoungua, na chakula kinashika juu ya hayo. Chemsha na bekingi soda kama hatua ya 15. Kama ni safi, basi chakula kina maji, au una haraka.

*Masizi mengi nje wakati unatumia gesi.* Moto wako una unjano. Safisha vitundu vya jiko kwa sindano kwanza, usihangaike na sufuria.

*Ngozi inawasha.* Kama hereni za bei rahisi zinakutoa vipele, huenda una shida na nikeli. Sufuria, hasa ikiwa mpya, inatoa nikeli kidogo kwenye vyakula vikali kama nyanya na ukwaju. Chagua 18/0, ile inayoshika sumaku, na umwone daktari.

*Mkono unacheza.* Wa skrubu, kaza ikiwa baridi. Wa ribiti, mpelekee fundi. Wa vidoti vya kuchomea, usiinue tena ikiwa na kitu cha moto.

*Imesahaulika motoni, imekauka, inanuka chuma.* Zima gesi, usiiguse, usiimwagie maji. Ngoja ipoe kabisa, hata saa nzima. Igeuze. Kama ukingo wa kitako umefunguka, au unaona kitone cha alumini kilichotoka kikaganda, mwite wa vyuma chakavu. Kama kitako kimeshikamana, una weusi tu, na weusi unaujua: maji, bekingi soda vijiko viwili, dakika kumi.